Mnunuzi wa Hisa Zetu

Habari kwamba kuna mtu ananunua hisa za wafanyakazi zilimfikia Darubini akiwa kazini, amekaa mbele ya taa nyeupe ya ukaguzi, chupa zikipita mbele yake moja baada ya nyingine.

Darubini si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa kiwanda cha chupa za kioo, kwa sababu katika miaka ishirini na sita aliyokaa kwenye mkanda wa kupitishia chupa hakuna ufa uliompita. Chupa ikiwa na kiputo kidogo kama yai la chawa, mkono wake ulikuwa umeshaitoa kabla mwenzake hajapepesa jicho.

Aliyemletea habari ni jirani yake wa mkandani, mama mnene ambaye akinong'ona anasikika hadi getini.

"Mwenzangu, umesikia? Kuna mtu anazikusanya."

"Anakusanya nini?"

"Hisa zetu. Pale mgahawani, ng'ambo ya barabara. Jamaa mmoja anavaa koti hata jua likiwaka. Unasaini fomu, unapewa chako, unaondoka. Mahali pa mnunuzi hapajaandikwa kitu. Ukimuuliza, anasema ni mfanyakazi mwenzenu, ila hapendi kujulikana."

"Na wewe umeuza?"

Yule mama akageukia chupa zake. "Mimi nilikuwa nakwambia tu," alisema.

Miaka mitatu nyuma kiwanda kilikuwa mali ya serikali, na kama mali nyingi za serikali, kilikuwa cha wote na hakikuwa cha mtu. Kisha ukaja ubinafsishaji. Wakaja watu wa kuthamini, wakahesabu mashine, viti, hata miti ya uani. Mwisho wa yote mwekezaji mmoja akauziwa sehemu sitini na tano kati ya mia. Serikali ikabakiza kumi na tano. Ishirini wakapewa wafanyakazi, kila mtu na cheti chenye muhuri mwekundu, ambacho wengine walikitundika ukutani karibu na picha za harusi. Sharti lilikuwa kwamba kwa miaka mitano hisa hizo zisitoke nje. Mfanyakazi angeweza kumuuzia mfanyakazi mwenzake tu. Na wafanyakazi wangekuwa na mjumbe wao ndani ya bodi ya wakurugenzi.

Wakamchagua Darubini, ambaye siku ya vyeti alisimama juu ya kreti akawasihi wasiuze. "Aende yeye," walisema. "Mtu asiyepitwa na kiputo atapitwa na mwizi?"

Bodi ilikutana Alhamisi ya wiki ile ile. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi upya, na mbele ya kila mjumbe paliwekwa maji ya kunywa katika chupa ya plastiki. Darubini aliliona hilo tangu kikao cha kwanza, likamkera, hakulisema. Mwenyekiti, mzee mstaafu mwenye sauti ya kubembeleza, alisoma ajenda haraka haraka kama mtu anayewahi kufunga duka. Mjumbe wa serikali aliandika bila kuinua kichwa. Siku moja Darubini alichungulia akakuta anachora maua. Mwekezaji mwenyewe hakuwa akija. Alisikika kupitia simu iliyowekwa katikati ya meza, na simu ile ikikohoa, wote waliinama kuisikiliza.

Mtu pekee aliyemfanya Darubini ajione yuko nyumbani mle ndani alikuwa Katibu wa bodi, mwanamke mwanasheria, kijana wa umri wa binti yake wa kwanza. Alimvutia kiti, alimwita mama, alimuulizia magoti yake. Kabla ya kila kikao alimletea bunda la karatasi nene kama tofali, akiwa amebandika vikaratasi vya njano pembeni.

"Usijichoshe, mama. Ni mahudhurio, posho na taratibu za kawaida. Saini penye njano tu."

Darubini alikuwa akisaini. Wangemwonaje angekaa kusoma kurasa mia mbili huku watu wazima wakimsubiri?

Siku hiyo ajenda ya sita ilisema: *Kupumzisha tanuru na kupanga upya mali zisizo za lazima, ili kupelekwa mkutano mkuu wa wenye hisa.*

Darubini aliinua mkono. "Kupumzisha maana yake nini?"

Mwenyekiti aliigeuza ajenda kifudifudi.

"Matengenezo, mama," alisema Mwenyekiti. "Hata binadamu hupumzika."

Wakacheka. Hata simu ilicheka.

Mumewe alikuwa amestaafu kazi ya fundi tanuru, na mashine za kupuliza hewa zilikuwa zimeondoka na sikio lake la kushoto. Tangu mkewe aingie kwenye bodi alimwita mheshimiwa, kwa utani. Jioni ile Darubini alipomsimulia ajenda ya sita, utani ulimtoka.

"Rudia. Wamesema kupumzisha?"

"Kupumzisha."

"Tanuru halipumzishwi." Aliweka kikombe chini. "Lile nimelilisha mchanga miaka thelathini. Linawaka usiku na mchana, sikukuu na msiba. Ukilizima, kioo kinaganda tumboni mwake, matofali yanapasuka. Hapo huna tanuru tena, una kaburi. Kujenga jingine ni sawa na kujenga kiwanda kipya. Hakuna fundi asiyejua hilo, na mwenye kiwanda analijua kuliko fundi."

"Sasa kwa nini wanataka kulizima?"

"Wewe niambie. Kiwanda kikifa kinabaki nini?"

Darubini alifikiri. "Unabaki uwanja."

"Unabaki uwanja. Na ile barabara mpya waliyoitangaza wanaipitisha wapi?"

Darubini alitaka kuona kwa macho yake. Asubuhi yake, kabla ya zamu, alizunguka nyuma ya ghala la mchanga. Akakuta vigingi vipya vimepigwa ardhini, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu, vimepangwa mstari mmoja kutoka ukutani hadi mlango wa tanuru. Mlinzi alipoulizwa alisema walikuja wapima ardhi, walikuwa na kibali, na zaidi ya hapo yeye hakuajiriwa kuuliza.

Jumamosi mume na mke walikaa mezani na katiba ya kampuni, kijitabu ambacho kila mfanyakazi alipewa na karibu kila mfanyakazi alikifanya kifuniko cha kitu. Walisoma kifungu kimoja kimoja, mume akirudiarudia maneno yaliyomshinda. Wakafika mahali palipoandikwa kwamba kuzima tanuru au kuuza ardhi ni lazima kukubaliwe na robo tatu ya hisa zote.

"Mwekezaji ana sitini na tano," alisema Darubini. "Anahitaji kumi."

"Serikali haitampa. Itaogopa magazeti. Itakaa kimya."

"Basi anazichukua kwetu."

"Na kwenu hanunui mtu wa nje. Yuko mwenzenu anayenunua kwa niaba yake," alisema mumewe. "Yupo humo humo ndani, mnakula naye."

Maneno hayo yalimwingia Darubini na hayakumtoka. Kuanzia Jumatatu hakumwangalia mtu kama zamani. Katibu wa chama cha wafanyakazi alikuwa na viatu vipya; vilitoka wapi? Dereva wa forklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, alikuwa amelipa deni la harusi lililomsumbua miaka miwili. Yule mama jirani, aliyemletea habari, kwa nini alimletea yeye? Watu waliokuwa wakimsalimia kwa mbali sasa walimkwepa, au yeye ndiye aliyewakwepa, hakujua tena. Alipouliza nani ameuza, hakuna aliyeuza. Alipouliza nani ananunua, kila mtu alimtaja asiyempenda. Na mshahara ulikuwa umechelewa mwezi wa pili mfululizo. Hilo nalo alianza kulitilia shaka: ulichelewa, au ulicheleweshwa?

Kisha akaambiwa kuhusu Kufuli.

Kufuli alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, tumbo moja, mtunza stoo wa kiwanda. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kutoa hata jozi ya glavu bila karatasi mbili na saini tatu. Watu wawili tofauti, ambao hawakuwa wakisemezana, walimwambia Darubini kwamba wamemwona Kufuli mgahawani ameinamiana na yule mtu wa koti. Na nyumba ya Kufuli, iliyovuja tangu enzi za baba yao, ilikuwa imeezekwa bati jipya la bluu.

Jumapili Darubini alikwenda. Hakupiga simu kwanza. Aliwakuta wakwe za Kufuli sebuleni, wamekuja kuliona bati, wamekaa kwa heshima zao zote, na mke wa Kufuli anawamiminia chai.

"Dada! Karibu, karibu ukae," alisema Kufuli.

"Sikuja kukaa, mdogo wangu. Nimekuja kuuliza. Bati hili umelipata wapi?"

"Dada, tunaweza kuzungumza nje."

"Tuzungumze hapa. Watu wamekuona na yule mtu wa koti. Wamekuona au hawakukuona?"

Kufuli aliwatazama wakwe zake, akaitazama sakafu. "Wameniona."

"Kiwanda kinauzwa chini ya miguu ya wenzako, na wewe ndiye unayewakusanyia wanunuzi hisa! Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Mke wa Kufuli aliacha kumimina. Baba mkwe akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetafuta mlango.

"Una uhakika na unalolisema, dada?" Kufuli aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Nina macho."

"Sawa. Umeshasema." Alisimama, akafungua mlango. "Sasa niache na wageni wangu."

Darubini alirudi nyumbani na hasira, na ndani ya hasira ile mlikuwa na kitu kingine ambacho hakutaka kukigusa. Mdogo wake hakukana. Lakini pia hakuonekana kama mtu aliyekamatwa.

Ili kumaliza mashaka alitaka kuliona daftari la wenye hisa. Katiba ilisema mwenye hisa yeyote anaweza kulisoma saa za kazi. Alimwomba Katibu wa bodi. Mara ya kwanza daftari lilikuwa kwa wakaguzi. Mara ya pili lilikuwa linafungwa jalada jipya. Mara ya tatu Katibu alimshika mkono.

"Mama, achana na madaftari. Nina habari nzuri." Akamkabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na tiketi ya ndege. "Semina ya wakurugenzi, siku tatu, hoteli nzuri. Nimekupendekeza mwenyewe. Umeshawahi kupanda ndege?"

Hakuwa amewahi. Na kwa aibu yake alifurahi. Aliisoma tiketi mara mbili njiani, na mara ya pili ndipo alipoiona tarehe. Ilikuwa siku ya mkutano mkuu.

Hakurudisha tiketi. Alisubiri hadi siku aliposikia Katibu amekwenda mahakamani kwa kesi nyingine, akaomba ruhusa ya saa moja, akaenda ofisini kwake mjini akiwa bado na koti la kazi. Alimkuta karani peke yake, shavu limevimba kwa jino, mkono umelishika kama mtu anayelinda yai.

"Nimekuja kusoma daftari la hisa."

Karani alitaka kusema kitu, jino likamkataza. Alimtambua, si mkurugenzi huyu? Akafungua kabati, akaweka daftari na faili lake mezani, akamwonyesha kiti kwa kidole.

Kila mstari ulikuwa na tarehe, muuzaji, idadi ya hisa, na mnunuzi. Darubini alishuka na kidole. Mpakiaji. Fundi umeme. Dereva wa forklifti. Yule mama jirani, hisa zake zote. Na kila mstari jina la mnunuzi lilikuwa moja, refu, limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Alipita mistari minne kabla hajatambua kwamba jina lile analolisoma ni lake.

Lilikuwa jina lake kamili, la kitambulisho, ambalo pale kiwandani halikujulikana na watu watano. Alilisoma tena taratibu, herufi kwa herufi, akitumaini litakuwa la mtu mwingine. Alifungua faili. Fomu zilikuwa zimepangwa vizuri. Juu ilikuwa saini ya muuzaji, chini saini ya mnunuzi, na saini ya mnunuzi ilikuwa yake. Haikughushiwa. Ilikuwa na ule mkia anaouvuta mwishoni tangu shuleni. Fomu moja ilikuwa bado na kikaratasi cha njano pembeni.

Mwishoni mwa faili palikuwa na hati nyingine. Ilisema kwamba yeye, mwenye hisa, anamruhusu Katibu wa bodi kupiga kura kwa niaba yake katika mkutano mkuu. Nayo alikuwa ameisaini.

Alijumlisha kwa kidole kwenye paja. Sehemu kumi na moja kati ya mia. Kumi zingetosha.

Kabla hajafunga daftari akaliona jina la Kufuli. Alikuwa ameuza hisa zake zote, wiki moja kabla ya bati. Ameziuza kwa dada yake.

"Umemaliza?" karani aliuliza kwa tabu.

"Nimemaliza. Pole na jino. Usingoje, likang'oe."

Mumewe alimsikiliza hadi mwisho akiwa amemgeuzia sikio la kulia. Alipomaliza, mzee yule alisogeza kikombe chake pembeni.

"Nakuuliza mara moja tu, na sitarudia," alisema. "Hukujua?"

Darubini alimtazama mtu aliyelala naye miaka thelathini na moja. Alitaka kupiga kelele. Badala yake aliona sebule ya Kufuli, birika limesimama hewani, na mdogo wake akiuliza una uhakika.

"Sikujua," alisema. "Nilisaini penye njano."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Nakuamini. Lakini wangapi wataamini? Wezi hawa wamechagua jina vizuri. Siku mambo yakilipuka, wenzako watakurarua wewe. Mwekezaji ataulizwa atasema, mimi nilinunua? Jina langu liko wapi?"

Mume alicheka bila furaha. "Lakini unajua, mheshimiwa, kwa karatasi wewe sasa ni tajiri. Nimeoa mwenye kiwanda."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Ndivyo sheria inavyosema. Hisa ni zako."

Neno hilo lilimfanya Darubini anyanyuke. Akakichukua kile kijitabu cha katiba, akatafuta kifungu cha uwakilishi, akakisoma mara tatu. Kisha akavaa kanga ya pili, akaenda kwa Kufuli.

Alimkuta uani anakarabati kiti. Kufuli hakumkaribisha, lakini hakumfukuza. Darubini alipiga goti chini, yeye mkubwa mbele ya mdogo, akamweleza yote.

"Kwa nini hukuniambia kwamba umeuza?" aliuliza mwishoni.

"Ningekwambiaje? Wewe ndiye uliyesimama juu ya kreti ukatusihi tusiuze. Mtoto alikuwa analowa kitandani kila mvua ikinyesha, mshahara haupo. Niliona aibu." Alipiga msumari, ukapinda. "Kwa hiyo bati hili umeniezekea wewe, dada."

"Kufuli..."

"Sijui nikushukuru au nikushitaki." Alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Wakwe zangu wameshaondoka na maneno yako. Yale huwezi kuyarudisha stoo."

"Najua."

"Umemwambia nani?"

"Shemeji yako na wewe. Nataka kesho niwaambie watu wote."

"Usimwambie mtu. Leo wakijua, kesho kutwa hisa zitakuwa na jina jingine, na daftari litakuwa na jalada jipya kweli. Nenda kwenye mkutano. Mwache yule binti wa bodi aamini uko angani." Akauokota msumari uliopinda, akaunyoosha kwa nyundo. "Na sijakusamehe. Nakwambia tu namna mali inavyolindwa."

Wiki tatu zilizofuata Darubini aliishi kama mwizi. Kila alipokutana na Katibu alimshukuru kwa tiketi, akaulizia nguo za kuvaa kwenye ndege. Katibu alimwelekeza kwa upole, hata akamshauri atafune peremende masikio yasizibe. Darubini alimtazama usoni akitafuta kitu, haya au woga, hakukiona. Uso ulikuwa safi kabisa. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Mkutano mkuu ulifanyika asubuhi, ukumbi wa hoteli. Tangazo lilibandikwa kiwandani siku moja likabanduliwa, kwa hiyo wafanyakazi waliofika hawakuzidi thelathini, wengi wakiwa wameletwa na Kufuli aliyepita mlango kwa mlango akisema tu, njooni. Mezani mbele walikaa Mwenyekiti, mjumbe wa serikali na kalamu yake, Katibu, na kwa mara ya kwanza Mwekezaji mwenyewe, mtu mfupi mwenye miwani, hana la kutisha, anayekunja kunja kitambaa cha meza.

Katibu alimwona Darubini akiingia. Karatasi aliyoishika ikashuka.

"Mama! Na ndege?"

"Nimeiacha iende. Mimi na urefu hatupatani."

Akakaa mstari wa mbele. Ajenda zikasomwa mbio. Ikafika ya kuzima tanuru na kuuza ardhi ya nyuma kwa kampuni ambayo jina lake hakuna aliyewahi kulisikia. Mwenyekiti akauliza wanaounga mkono. Mwekezaji akainua mkono: sitini na tano. Katibu akasita, akamtazama Mwekezaji, akainua hati.

"Kwa uwakilishi, kumi na moja."

Darubini alisimama. Akafungua kijitabu cha katiba.

"Kifungu cha arobaini na moja. Mwenye hisa akifika mwenyewe, uwakilishi wake umekufa. Mimi nimefika."

"Mama, hisa zako ni chache," alisema Mwenyekiti kwa sauti ile ya kubembeleza. "Utapiga kura yako, subiri zamu."

"Naomba lisomwe daftari. Jina la mwenye hizo kumi na moja."

Mjumbe wa serikali akaweka kalamu mezani. "Lisomwe," alisema, na wote wakashangaa kwamba ana sauti.

Katibu alisoma. Jina kamili likatoka, na kwa dakika moja wafanyakazi hawakulijua. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Si Darubini huyo?"

Mwekezaji aliinama kwa Katibu. "Ni zake?" aliuliza, si kwa sauti ya chini ya kutosha.

Katibu akisema si zake, ataulizwa ni za nani, na saini zile alizipataje. Akisema ni zake, kura imekwenda.

"Ni zake," alisema.

"Basi napinga," alisema Darubini. "Zote kumi na moja."

Hoja ikaanguka. Tanuru halikuzimwa. Lakini ukumbini hakuna aliyepiga makofi. Yule mama jirani wa mkandani alikuwa amesimama, machozi yanamtoka.

"Kumbe ni wewe!" alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinong'ona kweli. "Ulituambia tusiuze, huku unanunua!"

"Ngoja niwaeleze."

"Utueleze nini? Jina lako limesomwa!"

Aliwaeleza hata hivyo, amesimama pale pale, huku wengine wakitoka na wengine wakimpigia miluzi. Alieleza karatasi za njano, tiketi, vigingi. Kufuli alisimama karibu na mlango, mikono kifuani. Hakumsemea neno, lakini hakutoka hadi dada yake alipomaliza.

Yaliyofuata yalichukua muda mrefu kuliko alivyofikiri. Faili zilichukuliwa na wapelelezi. Katibu hakuonekana tena; wengine walisema amekwenda ng'ambo, wengine walisema yuko katika kampuni nyingine, ghorofa ya juu zaidi. Mtu wa koti naye alipotea. Mwekezaji aliandika barua ya kurasa nne akisema amesikitishwa sana na hakujua lolote. Mwenyekiti alijiuzulu kwa sababu za kiafya. Darubini aliahidi kumrudishia kila mtu hisa zake, na hapo ndipo yalipoanza maneno mapya. Waliouza walitaka zirudi bure. Wasiouza walisema mtu hali mara mbili. Mwanasheria wa chama akasema zisiguswe hadi kesi iishe, na kesi ikaahirishwa mara tatu.

Uchaguzi wa mjumbe wa bodi ulipofika, Darubini aligombea tena. Alishindwa vibaya na binti wa kitengo cha kupakia, mwenye maneno machache, ambaye kwenye hotuba yake alisema atasoma kila karatasi hata kama bodi nzima italala pale.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Mumewe alikuwa mlangoni, alikuwa ameshasikia.

"Wamekukosea," alisema.

Darubini alivua viatu, akakaa. "Hawajakosea. Wanajuaje? Wamesikia jina langu, wamesikia maneno yangu. Wamechagua kuamini jina."

"Hata mimi?"

"Hata wewe nini?"

"Unadhani nisingekupa kura?"

Alimtazama vizuri, akitafuta kama anatania. "Ungenipa?"

Mzee alijikuna lile sikio lisilosikia, akafikiri kwa uaminifu.

"Ningemsikiliza kwanza yule binti," alisema.

Darubini alicheka, kicheko cha kwanza tangu mkutano, akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akaamka kuwasha jiko, maana Kufuli alikuwa ametuma ujumbe kwamba atapita jioni na mkewe, bila kusema ana neno gani.